Gari Lisilorudi Nyuma

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Gari limefika! Jeupe, milango mitano, viti bado vina nailoni yake. Nailoni haitoki mpaka niseme mimi.

Nimeliendesha mwenyewe kutoka Ukunda mpaka hapa Kikoneni. Saa mbili na nusu. Hasina ati matatu huchukua saa moja na kidogo. Nimemwambia, mke wangu, matatu hazina adabu, na wewe usianze.

Majirani wote walitoka. Boga mwenye duka alilizunguka mara tatu, akapiga tairi teke, akasema "Mashallah, Mzee Iddi, mashallah," kama anayemeza shubiri. Nilifurahi sana.

Subira alisimama mlangoni na tumbo lake la miezi minane, mkono kiunoni, anacheka. Gari hili ni lake kabla halijawa langu. Ni mimba yake ya kwanza, amekuja kuzalia kwetu kama ilivyo ada, na mumewe Nassir yuko kazini Mombasa. Wakwe niliwaambia mbele ya watu: mwanangu hatakwenda hospitali ya Msambweni juu ya pikipiki, baba yake ana gari. Waliitikia kwa vichwa, na mkwe mkubwa akaniombea dua.

Sasa — daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika. Sijui kurudi nyuma. Mbele nakwenda. Kona nakata. Lakini nikitia rivasi tu, mikono inasahau kulia ni wapi. Leseni ninayo tangu 1994. Mtahini siku ile alikuwa anawahi mazishi, akaniuliza alama tatu kwenye kadi, akanipa mkono. Na miaka ishirini na sita ya ukarani wa stoo kule hotelini Diani, chombo nilichoendesha ni kigari cha umeme cha kupelekea mashuka. Njia yake ilikuwa ya duara!

Nitajifunza. Wiki hii hii, inshallah.

Jumapili, 3 Novemba

Dua ya gari. Maalim alikuja, ubani ukafukizwa, halwa na kahawa, watu tele. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Boga alipofungua domo lake. Ati gari limekaa vibaya, moshi wa ubani unakwenda kwa kuku. "Mzee Iddi, lirudishe nyuma kidogo, hatua tano tu."

Hatua tano! Watu sitini wananitazama. Jasho likanitoka mpaka kofia ikalowa. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema: "Gari la nyumba halirudishwi nyuma. Likirudi nyuma linatoka na baraka zake. Ni nuksi."

Maalim akasema yeye hajaisikia hiyo. Nikamwambia ni jambo la watu wa magari. Akanywa kahawa yake. Boga akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepata elimu.

Hasina alikuwa ameshika sinia. Alinitazama kidogo, akaenda kuwahamisha kuku.

Jumanne, 5 Novemba

Tatizo: gari likiingia uani halitoki, maana lazima lirudi nyuma. Siku mbili limekaa. Watu wanauliza.

Nimekata mlimau. Sasa gari linaingia upande wa choo, linazunguka jiko, linatokea mlangoni. Mlimau ulikuwa wa Hasina, wa achari zake, miaka kumi na minne. Nilimwambia ulikuwa na wadudu. Alisema, "Ndiyo, Baba Subira." Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 8 Novemba

Lo! Baada ya swala Boga anawahadithia watu nuksi ya rivasi. Ati yeye alishaisikia zamani, kwa babu yake. Babu yake Boga alikufa hajaona hata baiskeli!

Nilipotoka msikitini nikawaona vijana watatu wa tuktuk wanainyanyua tuktuk kwa mikono ili waigeuze, kuliko kupiga rivasi. Wakaniamkia, "Shikamoo mzee," kwa heshima kubwa. Niliitikia, nikaenda zangu. Ningefanya nini?

Jumatatu, 11 Novemba

Kuna taa nyekundu imewaka pale mbele ya usukani. Ndogo, mviringo. Haizimiki. Kitabu cha gari ni cha Kijapani.

Husuda hii. Nimekumbuka jicho la Boga siku ile ya kwanza. Nimenunua stika ya "Mashallah" nikaibandika hapo hapo juu ya taa. Imekaa sawasawa, kana kwamba ilikatwa kwa ajili yake. Taa haionekani tena.

Hasina ameniuliza mbona nikisimamisha gari nakanyaga mara tatu. Nimemwambia ndivyo linavyokanyagwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Alhamdulillahi, tu wazima.

Tulikuwa tunakwenda Tiwi kwa dada yake Hasina. Pale Kombani sokoni nikakanyaga breki, mguu ukashuka mpaka chini, gari likaendelea na safari yake. Tumesimamishwa na rundo la makuti ya mama mmoja. Mama alinitukana kwa Kidigo safi.

Mafundi wa hapo wana karakana nyuma ya soko. Fundi wao wa breki ni mwanamke, Rispah, kaja kutoka bara, mikono myeusi ya grisi mpaka viwiko. Akaniambia, "Mzee, lirudishe liingie hapa kwa shimo nilicheki." Nikamwambia gari hili halirudi nyuma, nuksi. Akanitazama. "Na hiyo gia ya rivasi waliiweka ya nini?" Nikamwambia Wajapani hawana mahasidi. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kisha akaingia yeye, mkono mmoja, anatafuna chingamu, akalirudisha moja kwa moja mpaka shimoni. Nilitazama upande mwingine. Hasina hakutazama upande mwingine.

Alipoiona stika, akaibandua. "Mzee! Hii ni taa ya breki! Gari limekulilia siku zote hizi, wewe umeliziba mdomo. Ungeenda na maji, wewe na huyu mama." Oili ya breki imevuja yote, pedi zimekwisha, zimebaki chuma. Akauliza spea iko wapi. Akafungua mwenyewe nyuma — nazi! Tairi la spea nilikuwa nimelitoa ili nipate pa kutia nazi.

Akamsomesha Hasina, si mimi: kila asubuhi kabla ya kuwasha tazama maji, oili, oili ya breki, upepo wa tairi, taa zote, spea, jeki. Hasina akaandika yote kwenye kiganja.

Nimenuna njia nzima. Lakini nikifikiria Subira angekuwa mle ndani... Astaghfirullah. Sitaki kufikiria.

Jumamosi, 16 Novemba

Muuguzi kutoka Msambweni, Bi Mercy, amekuja shuleni kufundisha wenye magari na pikipiki huduma ya kwanza. Nilikaa mbele. Mwenye gari hakai nyuma.

Mwenye ajali usimvute mikono. Usimpe maji. Damu ikitoka, bana hapo hapo kwa kitambaa safi na usiachie ili utazame. Gari likiharibika weka ile pembetatu nyekundu nyuma, si matawi. Hapo nikasimama. Nikamwambia matawi sisi tumeyatumia tangu zamani na kila mtu anayaelewa. Akaniuliza, "Baba, matawi yanang'aa gizani?" Watu wakacheka. Nimekaa.

Kwa mama mwenye uchungu: mlaze ubavu wa kushoto, mkimbizeni, msingoje. Akaitaja Msambweni, akaitaja namba ya simu yake. Subira akaiandika. Bi Mercy akamgusa tumbo, akamuuliza nani atamleta. Subira akasema, "Baba yangu ana gari." Alivyosema, nilijiona mrefu!

Jumatano, 20 Novemba

Ajali mbele ya lango letu. Mwenye pikipiki kateleza kwenye tope, muundi umepasuka, damu. Watu wakajaa na elimu zao. Huyu: tieni sukari! Yule: tieni kahawa! Wawili washamshika mikono wanamvuta. Nikapaza sauti: "Msimvute! Bana kwa kitambaa!" Hasina akapiga magoti, akabana kwa leso yake, hakuachia mpaka zahanati. Mimi nilisimamia.

Yaani nilisimamia nikiwa nimekaa chini. Ilikuwa damu nyingi.

Tumempeleka kwa gari langu. Hapa kwetu gari likiwa la mmoja ni la wote. Mgonjwa, maiti, bibi harusi, wote watakugongea mlango. Ile nailoni leo imejua kazi yake.

Jioni Boga anawaambia watu jinsi Mzee Iddi alivyookoa maisha ya mtu. Sikumkatiza.

Jumapili, 24 Novemba

Nilijaribu. Watu wote wakiwa mazishini kwa kina Sidi, nikatia rivasi uani, peke yangu. Nimevunja banda la kuku na beseni moja. Nimewaambia ni mbuzi. Mbuzi gani, hatuna mbuzi.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Mvua. Barabara ya kushuka mtoni imeliwa pande zote mbili. Hasina amekagua maji, oili, breki, tairi. Kila asubuhi anakagua. Spea imo. Pembetatu imo. Subira miguu imevimba na halali vizuri. Nami silali.

Ijumaa, 29 Novemba

Msambweni, hospitalini. Naandika kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi.

Uchungu ulimshika baada ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshatoka. Subira nyuma, ubavu wa kushoto, kichwa juu ya mapaja ya mama yake. Boga nyuma yetu kwa pikipiki, amebeba beseni na kanga. Gari zuri, breki nzuri, mimi nakwenda vizuri! Nilikuwa nasoma Yasini na nikajiona mwanamume.

Tukafika pale njia ilipoliwa. Imebaki upana wa gari moja, mtaro huku, mtaro huku. Na mbele yetu, uso kwa uso, lori la jirani yetu Kahindi limejaa mabati. Nyuma yake hatua hamsini kuna mapana. Nyuma yangu ni kona, kilima na tope, hatua mia tatu mpaka lango la shule.

Nikapiga honi. Kahindi akatoa kichwa. "Mzee Iddi, shikamoo! Nisamehe, siwezi kurudi nyuma. Haya ni mabati ya nyumba ya mwanangu anayeoa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufunza!"

Nikamwambia kuna mgonjwa. Akasema amemwona, roho inamuuma, lakini kwa ajili ya harusi ya mwanawe hawezi kuitia nuksi nyumba mpya. Utingo wake naye anaitikia. Boga ameshuka kwenye pikipiki, anamuunga mkono! "Kweli, Mzee Iddi, hata wewe hungekubali."

Neno moja tu nilikuwa nalo. Niseme: Kahindi, niliongopa, rudi. Angetoka kwa dakika mbili, anaendesha lori tangu ujana wake. Neno lilifika hapa kooni. Nikatazama nyuso zile zote, Boga, Kahindi, utingo, kina mama wa shambani waliosimama na majembe. Nikalimeza. Mungu ananiona, nililimeza.

Subira akapiga kelele. Nikageuka, nikamwambia Hasina kwa sauti ya chini: "Mama Subira, mimi sijui kurudi nyuma."

Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya dua. Ulikata mlimau wangu, nikanyamaza. Nimekusitiri, Iddi, wewe ni mume wangu. Sasa mwambie yule mtu ukweli atupishe."

Nikatia rivasi.

Alinitazama, wallahi sijawahi kutazamwa vile. Kisha akakiweka kichwa cha Subira taratibu kwenye kiti, akashuka na miguu mitupu kwenye tope, akaenda nyuma ya gari. Akawa anapiga bati la gari kwa kiganja. Mara moja, kulia. Mara mbili, kushoto. Nikienda vibaya anapiga kwa ngumi. Tairi la nyuma likaingia mtaroni mara mbili, watu wakatusukuma, tukaanza tena. Subira peke yake kule nyuma, ameshika mpini wa mlango, ananiita, "Baba, bado? Baba, bado?" Nikamwambia, karibu, mwanangu. Nililia. Kioo kikajaa ukungu nikawa sioni hata kidogo.

Dakika arubaini. Arubaini na tatu, kwa saa ya gari.

Tukafika lango la shule, lori likapita. Kahindi akatoa mkono dirishani, machozi yanamlenga. "Mzee, umebeba nuksi yetu sote!"

Sasa ni saa tatu na robo. Bi Mercy alimpokea, akampima, akabadilika uso. Mapigo ya moyo wa mtoto yamepungua. Daktari ameitwa. Wanamtayarisha kwa upasuaji. Nimetia saini sehemu nisiyoisoma.

Boga yuko hapa benchini, tope mpaka magotini, anawahadithia watu wasiotujua. Ati kuna mzee alikubali nuksi imwangukie yeye, akarudisha gari kilima kizima, kwa ajili ya mwanawe. Mama mmoja ameniletea chai. Mzee mwingine ameniomba nimwombee mgonjwa wake. Chai imepoa.

Hasina hajakaa tangu tulipofika. Tope limemkaukia miguuni. Anautazama mlango.

Bi Mercy ametoka na fomu. Ati daktari anataka kujua mtoto amekaa katika hali hiyo muda gani. "Baba, Kikoneni si mbali kiasi hicho. Uchungu alfajiri, mmefika huku karibu saa tatu. Mlichelewa wapi, na kwa sababu gani?" Kabla sijajibu akaitwa ndani. Anakuja sasa hivi, amesema nikae na jibu.

Nalijaribu hapa.

Barabara imeliwa na mvua. Kweli.

Tulikutana na lori njiani. Kweli.

Mwenye lori alikataa kutupisha. Kweli pia. Na Kahindi hayupo hapa wa kujitetea.

Nimeyasoma yote matatu. Hakuna la uongo hata moja. Limebaki la nne, langu mimi, ni fupi kuliko yote na mkono hautaki

Mlango umefunguka. Bi Mercy, na fomu yake. Boga ameshasimama kabla yangu. "Sista, hebu nikueleze mimi, maana huyu mzee ni mnyenyekevu, hatajisifu mwenyewe—"

Hasina ameweka mkono juu ya daftari. Anaivuta kalamu. "Baba Subira," anasema, "inuka umwambie mwenyewe